Sauti Nzito na Kisanduku cha Miguuni

Gitaa la besi lina bahati ya ajabu katika vyombo vya muziki: likiwapo halitajwi, likikosekana kila mtu hutambua kwamba wimbo umepungukiwa. Mwimbaji husifiwa kwa jina, mpiga solo hutunzwa fedha mbele ya hadhara, na mpiga besi husimama nyuma karibu na ngoma, akiubeba mzigo wa wimbo pasipo kutazamwa. Kwa hiyo swali la kama mtu huyu ana haki ya kuigeuza sauti yake kwa vifaa vya umeme laweza kudhaniwa kuwa dogo. Walakini ndani yake mna swali la zamani sana: kitu kilichopambwa kinasema kweli ya nani?

Na uchukuliwe mfano wa kijana mmoja wa Goba, kata ya vilima iliyohesabiwa zamani katika Kinondoni na ambayo leo ni ya Ubungo, mahali ambapo nyumba mpya zimeota juu ya mashamba ya jana. Jumapili kijana huyo hupiga besi katika kwaya ya kanisa, na Jumamosi hualikwa katika sherehe za harusi. Ameweka akiba ya kununua kisanduku kimoja cha kukanyaga kwa mguu, kile ambacho wapigaji hukiita pedali. Ni kimoja, wala si viwili, maana ada ya shule ya mdogo wake hutoka katika mfuko huohuo. Mwenzake wa kwanza anamshauri anunue kompresa, wa pili anasifu ovadraivu, wa tatu haoni kitu kama oktava. Wa nne ni mzee aliyepata kupiga katika bendi za dansi. Huyo anamwambia asinunue chochote, kwa kuwa vidole vyake ndivyo sauti yake, na kila kinachotiwa baina ya vidole na spika ni uongo.

Neno la mzee ndilo zito kuliko yote, nalo lastahili kujibiwa kwanza. Lina asili yake katika maisha. Dansi ya Dar es Salaam ina umri mrefu: Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianza mwaka 1964. Katika bendi kama hizo vyombo aghalabu havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa mali ya chama, au shirika, au tajiri mwenye bendi, na mpigaji aliyehama bendi moja kwenda nyingine aliliacha gitaa mahali pake akaondoka na vidole vyake. Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka mingi hawezi kulaumiwa akiamini kwamba sauti ni vidole. Hakuwa na mali nyingine iliyomfuata.

Lakini kuheshimu asili ya hoja si kuikubali. Umeme ukikatika katikati ya ibada, jambo ambalo watu wa Goba hawahitaji kusimuliwa, waimbaji huendelea kuimba, ngoma huendelea kulia, na mpiga besi hubaki akizichezea nyuzi ambazo hata jirani yake hazisikii vema. Vidole vipo, ustadi upo, sauti haipo. Gitaa la besi la umeme, kama lilivyouzwa na Leo Fender wa Marekani tangu mwaka 1951, ni ubao mzito usio na tumbo la kukuza mlio. Sumaku hunasa mtikisiko wa waya, amplifaya huukuza, spika huurudisha hewani. Hapana hata hatua moja katika safari hiyo ambayo haigeuzi kitu. Hata nyimbo za kale zilizorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo wazee huzitaja kama kipimo cha usafi, zilipita katika utepe wa sumaku, na utepe ukipewa sauti yenye nguvu nyingi huzilainisha ncha zake kwa namna yake wenyewe. Masikio yaliyolelewa na utepe hayawezi tena kudai kwamba yalilelewa na vidole vitupu.

Fauka ya hayo, wazo kwamba sauti njema ni sauti isiyo na mkwaruzo halikuzaliwa katika nchi hii. Wagogo wa Dodoma wana ilimba, chombo cha vyuma vinavyobinywa kwa vidole, alichokipeleka mbali duniani marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Katika ubao wa ilimba hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba utokao kwa buibui, ili kila mlio utoke na mvumo mfano wa nyuki. Fundi hakuuweka utando ule kwa bahati mbaya, wala msikilizaji wa Kigogo hauhesabu kuwa kasoro. Bila ya utando ule, ilimba kwake ni kama chakula kisicho na chumvi. Aidha, mpiga ngoma wa pwani huipeleka ngoma yake motoni kabla ya mchezo ili ngozi ikaze, na hakuna aliyesimama akasema kwamba moto umemsaidia kudanganya.

Yaliyojulikana Ugogo yalifika katika muziki wa umeme kwa ajali. Mjini Nashville, wakati uliporekodiwa wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, njia moja ya mtambo wa kuchanganyia sauti iliharibika, na besi ya nyuzi sita ya Grady Martin ikatoka na mkwaruzo mkubwa. Ule mkwaruzo uliachwa ndani ya wimbo. Fundi mitambo Glenn Snoddy akatafuta namna ya kuutengeneza upya kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikauza kisanduku cha kukanyaga chini ya jina la Maestro Fuzz-Tone. Lililo tamu katika habari hii ni kwamba mkwaruzo maarufu, ambao leo kila mtu huuhesabu kuwa milki ya gitaa la solo, ulitokea kwanza katika nyuzi nene. Hata Keith Richards alipoutumia mwaka 1965 alikusudia ushike kwa muda tu mahali pa tarumbeta. Watu waliusikia, wakaupenda kwa nafsi yake, na tarumbeta hazikuja.

Basi ovadraivu ndiyo ndugu mpole wa kisanduku kile. Kazi yake ni kuvikata vilele vya mawimbi ya sauti, na vilele vikikatwa huzaliwa milio mingine ya juu inayoandamana na mlio wa msingi. Hapa kuna jambo ambalo mzee wa dansi hakulizingatia. Waya mnene wa besi, ukiachwa wazi, hutikisika kadiri ya mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo za kanisa la mtaani, au za redio ya jikoni, haziwezi kuutoa mlio huo kwa nguvu ya kusikika. Mpigaji hupiga kwa haki, vidole vyake havina kosa, na watu waliokaa viti vya nyuma hawapati ila kishindo kisicho na jina. Lakini ikiwapo milio ya 82, na 123, na 164, sikio la binadamu huihesabu nafasi iliyo kati yao na kuujaza wenyewe ule msingi wa 41 usiokuwapo hewani. Msikilizaji huisikia noti ambayo spika haikuitoa, na noti hiyo ndiyo hasa aliyoipiga mpigaji. Mkwaruzo kidogo, basi, waweza kuifikisha kweli mahali ambapo usafi ungeizika. Mwenye kuita jambo hilo uongo ana kazi ya kueleza ni nani aliyedanganywa.

Kasoro ya ovadraivu nayo isifichwe. Ikizidishwa huula uzito wa besi na kuacha makelele membamba. Kwa sababu hiyo vingine vilivyobuniwa kwa ajili ya besi, kama ODB-3 ya kampuni ya Boss, vina kitufe cha kuchanganya sauti iliyogeuzwa na ile iliyotoka mkononi moja kwa moja. Kitufe hicho chastahili sifa kuliko vyote vilivyo karibu yake.

Kompresa ni mtu wa tabia nyingine kabisa. Haina makelele, haibadili rangi ya sauti kwa namna inayotambulikana upesi, na msikilizaji wa kawaida hatajua kama imewashwa. Huwekewa mpaka, sauti ikiuvuka, hupunguzwa kwa kadiri iliyochaguliwa. Ikichaguliwa kadiri ya nne kwa moja, mpigo uliouvuka mpaka kwa desibeli 8 hutoka umeuvuka kwa desibeli 2 tu. Kisha sauti yote huinuliwa, hata mipigo iliyokuwa dhaifu ikapata kimo. Matokeo yake ni usawa: mpigo wa kidole chenye nguvu na wa kidole kilegevu hukaribiana, na besi hukaa chini ya kwaya kama sakafu iliyosawazishwa kwa bapa.

Usawa huo una adabu ndani yake. Noti moja ya besi ikiruka ghafla huwafunika akina mama wa sauti ya kwanza katika shairi waliloliandaa juma zima, na mpigaji anayejizuia kwa ajili ya wenziwe afanya jema hata kama kizuizi chake ni kisanduku. Kama kompresa ingekuwa hiyo tu, shauri la mwenzake wa kwanza lingekuwa limeshinda na mjadala ungefungwa.

Lakini jambo lisilosikika ndilo lililo gumu kulihukumu. Ovadraivu hutangaza kuja kwake. Hata mtoto aliyekaa mkekani hujua kwamba sauti imetiwa kitu. Kompresa hutenda kwa siri, na siri hiyo haimhusu msikilizaji hata kidogo, maana yeye amekuja kuabudu au kucheza wala hakuja kukagua vidole. Humhusu mpigaji. Kijana anayejifunza kwa kompresa iliyobana sana hupiga ovyo na kujisikia amepiga sawasawa. Kidole chake cha pili ni dhaifu tangu mwaka jana, naye hajui, kwa sababu spika humrudishia sifa asiyoistahili. Kila chombo kinachomfichia mtu udhaifu wake kwa upole humnyang'anya pia njia ya kuuponya. Siku atakapoazimwa gitaa jingine katika sherehe ya Temeke, pasipo kisanduku chake, ndipo atakapokutana na mkono wake kwa mara ya kwanza, mbele ya watu mia mbili na bibi harusi.

Hapo neno la mzee larudi kwa nguvu nyingine. Alikosea aliposema kwamba kifaa ni uongo. Hakukosea alipohofu kwamba kijana atavisahau vidole. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, nayo hupotea kila mara wazee na vijana wanapobishana juu ya vyombo vipya. Mmoja anatetea mkono, mwingine anatetea sikio, na kila mmoja hudhani mwenzake hapendi muziki.

Juu ya oktava maneno machache yatosha. Kisanduku hiki, ambacho OC-2 ya Boss ya mwaka 1982 ni mfano wake unaojulikana sana, huigawa noti kwa mbili na kuongeza chini yake noti nyingine. Waya wa pili ukitikisika mara 55, kisanduku hutoa 27.5, waya mnene wa 41 hutelemshwa karibu na 20, ambako kusikia kwa binadamu kunakoma. Vya aina ile ya zamani hushika noti moja kwa wakati mmoja, na katika noti za chini kabisa husitasita kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Kwa ukumbi wenye spika kubwa ni pambo zuri la wimbo mmoja au miwili. Kwa spika za Goba zisizoweza kuitoa hata 41, kununua 20 ni kununua kiatu cha mtu asiye na mguu. Mwenzake wa tatu ana nia njema, lakini alikwenda kuisikia oktava mahali pengine.

Imebaki hukumu baina ya kisanduku chenye makelele na kisanduku chenye upole, nayo haiwezi kutolewa kwa kuvitazama visanduku. Kwa wasikilizaji wa viti vya nyuma, ovadraivu iliyotiwa kwa kiasi, na sauti ya mkono ikiachwa nyingi ndani yake, ndiyo yenye faida iliyo wazi. Kwa wenziwe wa kwaya, kompresa ndiyo yenye heshima, mradi mpigaji awe amekwisha kujifunza kuwasawazishia sauti kwa vidole na anataka tu msaidizi wa siku ya uchovu. Ni kijana mwenyewe anayejua kama amefika hapo, na yamkini hata yeye hajui.

Hata hivyo kujua kunawezekana kwa gharama ndogo. Aende Kariakoo na gitaa lake mwenyewe, apige shairi moja la kwaya mara tatu: kisanduku kikiwa kimewashwa, kisha kimezimwa, kisha kimewashwa tena. Mara ya pili ndiyo ya kusikilizwa. Na kwa kuwa sikio la mpigaji humpendelea mwenyewe, ni heri amwombe yule mzee afuatane naye, asimame mlangoni mwa duka kati ya kelele za wapita njia, asiambiwe ni mara ipi kisanduku kimewashwa, aulizwe tu ni mara ipi amezisikia noti zote. Kama mzee hatasikia tofauti, ada ya mdogo wake inadaiwa mwezi huuhuu.