Asubuhi Mzima, Alasiri Kitandani

Ndugu mmoja anafika kanisani Sabato saa tatu, anafundisha darasa lake vizuri, anasalimiana na watu mlangoni. Alasiri mzee wa kanisa anampigia simu kuhusu zamu ya wiki. Mkewe anapokea: hawezi kuzungumza, amelala, hata mwanga unamsumbua. Kabla ya Sabato nyingine maneno yamekwisha kuzunguka. Mbona asubuhi alikuwa mzima?

Wapo watu ambao UVIKO-19 iliwaacha katika hali hii. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dalili zinazoonekana kwa kawaida miezi 3 tangu mtu augue, zikidumu angalau miezi 2 bila sababu nyingine, ni ugonjwa wa kutambuliwa. Likataja uchovu, kukosa pumzi, kushindwa kufikiri sawasawa. Likasema pia kwamba dalili hizo zaweza kupanda na kushuka. Wengine huzidiwa baada ya kujitumikisha, tena si palepale, bali saa kadhaa baadaye au kesho yake. Kanisani tunaona nguvu zikitumika. Deni hulipwa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Basi swali letu linahusu amri ya tisa. Kwa kawaida tunaifikiria mahakamani, au katika masengenyo ya wazi. Lakini mtu aliyeona saa mbili na kutoa ushahidi juu ya saa ishirini na nne, ameshuhudia nini? Najua wapo wanaokwepa zamu kwa kisingizio cha ugonjwa. Hata hivyo, mvivu akiaminiwa, kanisa limepoteza zamu moja. Mgonjwa akiitwa mwongo, amepoteza jina lake, na mara nyingi ataacha kuja kabisa.

Someni 1 Wafalme 18:46, kisha mwendelee moja kwa moja hadi 19:8. Eliya anapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Mistari michache mbele yuko jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. (Maandiko hayasemi alikuwa mgonjwa, nami sisemi hivyo.) Malaika hakumkumbusha mbio zile. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena. Aliporudi mara ya pili, ni yeye malaika aliyekiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mtu huyo. Nguvu za Yezreeli hazikutumiwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Sisi Waadventista tunahitaji tahadhari zaidi hapa, kwa sababu tunapenda kushauri juu ya afya. Mazoezi ni mema, lakini kwa yule anayezidiwa baada ya kujitumikisha, kumhimiza ajikaze kwaweza kumlaza siku kadhaa. Pumziko nalo limo katika kanuni zetu.

Naye mgonjwa hana budi kuitunza “ndiyo” yake. Paulo alipobadili safari ya Korintho, walimwona kigeugeu, naye akaona vema kujieleza (2 Wakorintho 1:15–17, 23). Kusema “nitafundisha nikiweza, fulani awe tayari” ni ahadi ya kweli, mradi darasa limkubali huyo fulani bila kununa.

Jadilini: Katika kanisa lenu, ni nani ambaye mmemjua kwa saa zake za asubuhi tu? Nani amewahi kumtembelea saa kumi?