TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Picha ya Kabla



Ndugu zangu, poleni na swaumu. Leo tuzungumze kidogo kuhusu macho.

Tumeshasikia sana kwamba macho nayo yafunge, yasiangalie haramu. Hilo tunalijua. Lakini kuna kuangalia kwingine ambako si haramu hata kidogo, na bado nadhani tutaulizwa.

Nakukumbusha mji wa Derna, Libya. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, dhoruba iliyopewa jina Daniel ilimwaga mvua kubwa milimani. Mabwawa mawili yaliyokuwa juu ya mji yakapasuka, maji yakashuka kwenye korongo linalopita katikati ya mji mpaka baharini. Mitaa mizima ikaenda na watu wake, wengine wakiwa usingizini. Waliokufa ni maelfu, na wengi hawajapatikana mpaka leo.

Siku chache baadaye picha za setilaiti zikaanza kuzunguka kwenye simu. Unazikumbuka? Picha mbili zimeunganishwa, kabla na baada, katikati kuna mstari. Ukiuvuta kwa kidole kwenda kulia, unauona mji: maghorofa, madaraja, barabara ya pwani. Ukiuvuta kushoto, matope matupu.

Nakiri mbele yenu, mimi niliuvuta ule mstari mara nyingi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mji unarudi, mji unaondoka. Mpaka nikashtuka: hivi nafanya nini? Pale chini ya kidole changu kuna mtu anamtafuta mama yake.

Sasa swali la leo ni hili: *mtu anayeuona msiba wa wenzake kutoka juu, anadaiwa nini?*

Kwanza tuwe waadilifu. Picha zile zina kazi. Kuna setilaiti zenye rada zinazoona hata usiku, hata mawingu yakiwa yametanda. Wataalamu huchora ramani kutokana nazo, wakaonyesha majengo yaliyobomoka na njia zilizokatika, na waokoaji wakajua wapite wapi. Kwa hiyo kuangalia si kosa. Shida inaanza kwetu sisi tunaoangalia tu.

*Shida ya kwanza ni kuhukumu.* Ukiwa juu huoni nyuso, unaona mapaa. Na asiyeona nyuso ni mwepesi wa kutoa hukumu. Wakati ule nilisoma kwenye kundi moja mtu kaandika, "Hayo ni madhambi yao." Akataja na kisa cha watu wa Sabaa, ambao bwawa lao lilipasuka na bustani zao zikaharibika. Kisa hicho kimo ndani ya Qur'ani, kweli. Lakini cha Sabaa tumeelezwa na Mwenyewe Mwenye kujua. Cha Derna, wewe umeelezwa na nani? Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba aliyekufa kwa kuzama ni shahidi, na aliyefukiwa na jengo ni shahidi. Watu wa Derna wengi walikufa kwa moja kati ya hayo mawili, au yote kwa pamoja. Basi yule unayemwita mwenye madhambi kutoka kwenye simu yako, huenda ana daraja ambayo mimi na wewe tunaiomba kila siku. Tunyamaze.

*Shida ya pili ni kudhani kwamba kuona ni kutenda.* Umeangalia, umehuzunika, umesambaza kwa watu ishirini, umeandika "Innaa lillaahi." Halafu moyo unatulia, kama vile umeshalipa deni. Ndugu yangu, hujalipa. Umepokea habari tu. Na habari ni amana: ikishafika kwako, huwezi tena kusema sikujua.

*Shida ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi.* Sote tulilia kwa ile picha ya baada. Hakuna aliyeiangalia vizuri picha ya kabla.

Iangalie tena. Mji umetulia, jua limewaka. Lakini juu kule bwawa limeshapata nyufa. Mabwawa yale yalijengwa miaka ya 1970, baada ya mji kupigwa na mafuriko zaidi ya mara moja tangu 1942. Nyufa ziliripotiwa tangu 1998. Miaka ilipita kabla mkataba wa matengenezo haujasainiwa, kazi ikaanza kwa kuchelewa, na machafuko ya 2011 yakaisimamisha. Mwaka 2022, mtaalamu wa maji kutoka chuo kikuu cha hukohuko mashariki mwa Libya aliandika wazi kwamba mabwawa yanahitaji kutengenezwa haraka, la sivyo likija furiko kubwa itakuwa balaa kwa mji. Mwaka mmoja baadaye likaja.

Yaani msiba wote ulikuwa tayari ndani ya picha ya kabla. Ila haukuwa na rangi ya kumfanya mtu asimame.

Najua utasema, "Lakini ile ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Naam, nami naamini hivyo. Hakuna tone linaloanguka bila Yeye kujua. Lakini dini hii hii ndiyo iliyomwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee kwa Mungu. Mvua haikuwa mikononi mwa mtu yeyote. Nyufa zilikuwa mikononi mwa watu. Ndiyo maana Julai 2024 mahakama ya Libya iliwahukumu maofisa 12 kifungo kwa ajili ya mabwawa yale. Mahakama haikuishtaki mvua. Ukimsukumia Mungu kile ulichopewa wewe ukitunze, hiyo si imani, ni kukwepa.

Haya, tuache Derna, turudi nyumbani. Wewe nawe una picha ya kabla, na leo uko ndani yake. Ule mtaro wa mtaani mnaoutupia taka, na kila mtu anajua mvua za masika zikija maji yataingia kwa yule mama mjane aliye bondeni. Ile nguzo ya madrasa yenye ufa mliyoipaka chokaa. Yule ndugu yako ambaye hamsemeshani, na mzazi wenu anazidi kudhoofu. Mwenyezi Mungu anaona ya juu na ya ndani, kabla na baada. Sisi kwetu baada haijafika bado, na hiyo ni rehema kubwa.

Kabla ya Maghribi leo, chagua ufa mmoja tu unaoujua. Usiusambaze kwenye kundi. Nenda kauangalie kwa karibu, halafu anza.

Ewe Mola, warehemu waliozama Derna na kila mahali, wape subira waliobaki, na utujaalie macho yanayoona mapema. Aamiin.

Tukutane kesho inshaallah. Ukiona lina faida, mpelekee na mwenzio. 🌙