Mtu Mmoja, Viti Viwili

Uwakili wa usuluhishi wa kimataifa ni kazi yenye heshima kubwa na majaribu makubwa. Anayeifanya huanza chini kama kila mwanafunzi wa sheria: husoma majalada, hutafuta ushahidi, na huandika hoja zitakazosemwa kwa kinywa cha mwingine. Miaka ikipita, husimama mwenyewe mbele ya waamuzi kumtetea mfanyabiashara au serikali. Akisifika kwa elimu na uadilifu, siku moja huitwa akae mahali pa wale aliokuwa akiwasihi. Hapo hupata hali asiyoijua hakimu wa mahakama ya nchi: mwezi mmoja huohuo aweza kuwa mwamuzi katika shauri hili na wakili katika shauri lile. Je, moyo mmoja waweza kukaa katika viti viwili, na kimoja kisikiegemee kingine?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 uliyataka mataifa yaliyouridhia kuzitambua na kuzitekeleza tuzo za usuluhishi zilizotolewa katika nchi nyingine. Mkataba wa Washington wa mwaka 1965 ulianzisha kituo cha kusuluhisha migogoro baina ya serikali na wawekezaji wa kigeni. Aghalabu waamuzi huwa watatu: kila upande humteua mmoja, na wa tatu huwa mwenyekiti. Tanzania ilipita mlango huo baada ya mkataba wa huduma ya maji ya Dar es Salaam, uliotiwa sahihi mwaka 2003, kuvunjika mwaka 2005. Mwaka 2008 waamuzi watatu walisema kwamba serikali ilikiuka wajibu wake kwa kampuni ya Biwater Gauff, lakini hawakuiamuru ilipe fidia. Basi maji ya mji mzima yaweza kuwa hoja mbele ya watu watatu ambao wakazi wake hawawajui hata kwa majina. Watu kama hao wapaswa kuwa juu ya shaka.

Mfano ulio wazi ulitokea Hague mwaka 2004, katika shauri la kampuni ya Telekom Malaysia dhidi ya Ghana. Ghana ilikuwa ikiitegemea tuzo ya shauri jingine, la muungano wa makampuni uitwao RFCC dhidi ya Morocco. Ikabainika kwamba mmoja wa waamuzi, Emmanuel Gaillard, mwanasheria maarufu wa Ufaransa, alikuwa wakili wa muungano huo, akiomba tuzo ileile ibatilishwe. Mahakama ya wilaya ya Hague haikumtuhumu kwa nia mbaya. Ilisema kwamba wakili ana wajibu wa kuleta kila hoja awezayo dhidi ya tuzo anayoipinga, na wajibu huo haupatani na ule wa mwamuzi anayetakiwa kuipima tuzo hiyohiyo bila ya upendeleo. Alipewa siku 10 achague. Akauacha uwakili, akabaki na uamuzi. Ghana ilipinga tena. Safari hii mahakama ikakataa.

Sheria iliridhika, lakini dhamiri yaweza kuuliza zaidi: joho likivuliwa, je, fikira zilizovaliwa pamoja nalo huvuliwa pia? Wakili mwema hasemi uongo. Hujizoeza kuuona ukweli kutoka upande mmoja mpaka upande huo ukawa makazi yake. Hoja aliyomwandikia mteja usiku yaweza kumjia asubuhi kama fikira yake mwenyewe, naye asitambue imetoka wapi. Rushwa hubisha hodi. Mazoea huingia bila ya hodi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na huivuta hata pale mkono wake unapodhani kuwa umetulia.

Wako wanaoitetea desturi hii, na hoja yao si dhaifu. Husema kwamba mwamuzi aliyepata kuwa wakili huzijua hila za mawakili. Husema pia kwamba kijana, hasa atokaye Afrika, hawezi kuacha uwakili umlishao kwa ajili ya uteuzi mmoja usio na ahadi ya wa pili. Mlango ukifungwa ghafula, ndani watabaki wazee wenye akiba, na nchi zinazoshtakiwa mara kwa mara zitaendelea kuamuliwa na wageni.

Hoja hiyo ni kweli, lakini haihalalishi kila kitu. Umuhimu wa kijana kupata riziki si sawa na tamaa ya mkongwe aliyekwisha shiba. Mzigo wa kuacha kiti kimoja uanze kwa yule awezaye kuubeba. Na kwa wote, wakubwa kwa wadogo, pawe na mpaka usiovukwa: mtu asiliamue swali lile ambalo, wakati huohuo, analipwa kulitetea. Kanuni za maadili ya waamuzi zilizopitishwa mwaka 2023 na tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa zilielekea huko, kwa kuweka mipaka baina ya kazi hizi mbili.

Mwenye moyo safi aweza kuona kwamba anaonewa, maana anajijua. Lakini upande ulioshindwa haumwoni moyo, huona viti. Serikali itakayotoza wananchi wake kodi ili ilipe fidia ina haki ya kuamini kwamba ilishindwa kwa hoja, si kwa mazoea ya mtu. Kwa hiyo mwamuzi anayeacha kiti kimoja hakiri kosa. Humlipa mshindwa deni ambalo hakuna mkataba uliolitaja, nalo ni sababu ya kuipokea hukumu bila ya kinyongo.