Je, Ni Halali Kusherehekea Jirani Akiwa Hemani?

Februari 2014, miezi michache baada ya waasi wa M23 kushindwa, Goma, mashariki mwa Kongo, ilifanya Tamasha la Amani kwa mara ya kwanza. Kaskazini kidogo ya mji ipo Kanyaruchinya, ambako waliokimbia vita vya Rutshuru walipiga kambi mwaka 2012, na tena mwaka 2022, kipindupindu kikawafuata. Ngoma na mahema vyaweza kukaa pamoja bila dhambi? Naamini vyaweza. Tazama Venice, Italia: huadhimisha sikukuu ya Redentore, yaani Mkombozi, kila Julai. Asili yake ni tauni ya 1575 hadi 1577, iliyoua watu wapatao 50,000. Seneti ya mji iliweka nadhiri ya kumjengea Mkombozi kanisa mwaka 1576, watu wangali wakifa. Furaha ile haikungoja msiba uishe. Iliahidiwa ndani ya msiba wenyewe.

Atasema mtu: fedha za jukwaa zingenunua maji. Hoja hiyo ni nzito, na anayeidharau hajawahi kubeba bido la maji. Lakini ikifuatwa hadi mwisho, itakataza pia arusi, ubatizo na nyimbo za Jumapili, mambo ambayo wakimbizi wenyewe hawakuyaacha. Mwenye njaa hajapoteza haki ya kucheza. Kosa liko kwingine: kumfanya aliyeumia awe mtazamaji wa nje ya ua. Siku ya Redentore, Venice huweka daraja linaloelea ili watu wavuke kwa miguu hadi kanisani. Waandaaji wa Goma, mtakapopanga tena, wapeni waliohamishwa jukwaa, si tiketi za bure tu.