Sare ya Askari na Undugu wa Shuleni

Vijana waliolala bweni moja na kula sahani moja hupendana kama watoto wa mama mmoja. Ikiwa baadaye watavikwa sare ya askari, je, undugu wao hufa? Na mkubwa wa jeshi akiamuru jambo ambalo dhamiri yalikataza, yupi asikilizwe?

Swali hili liliwapata vijana wa Kongo. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1954 karibu na Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, kilikuwa na wanafunzi wa makabila mengi. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana kudai posho ya masomo na haki ya kusikilizwa. Askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Mwezi wa Juni 1971, wenzao walipowakumbuka wafu hao, Rais Mobutu aliwaandikisha jeshini kwa nguvu. Hivyo waliowalilia wenzao walivikwa sare ya jeshi lile lile lililowaua.

Fikirini vema, enyi wasomaji. Sare yafunika mwili tu. Dhamiri hubaki ile ile iliyokuwa shuleni. Aliyejua jana kwamba kumwua asiye na hatia ni dhambi, ajua vivyo hivyo leo, ingawa ameshika bunduki.

Pengine mtu atasema: «Amri ya nne yaagiza kuwatii wakubwa.» Ni kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwasifu askari wanaolinda kwa haki usalama wa watu. Lakini ulifundisha pia kwamba utii wa kipofu haumwondolei hatia atimizaye amri ya uovu, tena ukawasifu wale wanaothubutu kuikataa. Mkubwa hutiiwa kwa ajili ya mema. Hana mamlaka ya kuamuru dhambi.

Undugu nao una mpaka wake. Tuseme askari watatu walisoma pamoja, na mmoja wao akapora mbuzi wa mjane. Wenzake wawili wanyamaza, wakisema, «Huyu ni ndugu yetu.» Je, wamempenda? La, wamemwacha apotee, na mjane wamemdhulumu mara ya pili. Ndugu wa kweli angalimshika mkono amrudishe mbuzi.

Undugu wa kweli ulionekana Buta, katika nchi jirani ya Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Seminari arobaini wakauawa pamoja. Hao hawakushika bunduki, lakini waliwaonyesha wenye bunduki jambo moja: amri ya kumtoa ndugu auawe haitiiwi, hata kwa gharama ya uhai.

Basi kijana wa Luhwindja anayeitwa na wenzake aliosoma nao ili achukue silaha, na ajiulize kwanza: Anayeamuru ni nani, naye ana haki gani? Bunduki hii itamlinda nani, na itamwumiza nani? Nikiamriwa ubaya, nitaweza kukataa mbele ya wenzangu? Asiyeweza kujibu swali la tatu asiharakishe kwenda, hata akiitwa na rafiki ampendaye kuliko wote.