Palizi Imebaki kwa Mama

Huku Itilima, mwezi wa Januari, mwanamume mwenye miguu mizima hakai kivulini wakati magugu yanaisonga pamba. Mimi nakaa. Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye tope la mbuga nikagonga kisogo chini, na tangu siku hiyo jua linanichoma macho, na majina ya watu ninaowafahamu yananichelewa. Sina bandeji wala kidonda cha kumwonyesha mpita njia. Daktari aliuita mtikisiko wa ubongo.

Aliniambia nitulie siku moja au mbili, kisha nianze kutembea taratibu. Maumivu yakiongezeka kidogo, nipunguze. Yakizidi, niache mpaka kesho. Kujifungia gizani muda mrefu alikukataa, na ndivyo walivyoafikiana wataalamu wa mtikisiko wa ubongo waliokutana Amsterdam mwaka 2022. Ila nikianza kutapika mfululizo au kuzidiwa na usingizi, nikimbizwe hospitali mara moja.

Sasa nimeanza kushika jembe asubuhi, jua likiwa bado chini. Sauti ya jembe kwenye kokoto ikianza kunipasua kichwa, nalilaza hapo hapo, mstari ukiwa nusu. Mke wangu ananitazama, anasema, “Baba, basi,” anaupokea mstari. Naondoka nikiwa bado na nguvu mikononi, na hapo ndipo dhamiri inaponishika. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimewakemea wategeaji madhabahuni.

Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, malaika alimlisha akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Hakuna aliyemwita mvivu; Mungu alimhoji alipofika Horebu, baada ya kupumzika na kutembea. Hilo linanitosha kwa upande wangu. Halinitoshi kwa upande wa mke wangu, ambaye mapumziko yangu yamemwongezea mistari.

Kwa hiyo nimerudi kwenye amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati. Haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana na binti, mtumwa, ng'ombe, punda, hata mgeni aliye malangoni. Mapumziko ya mtu mmoja yakimwangukia mwingine mgongoni, nyumba hiyo haijapumzika. Wasukuma tunalijua hili kwenye ngitili: mvua zikianza, malisho yanafungwa yapate kuota, na kila mwenye ng'ombe analazimika kuchunga mbali zaidi. Anayeingiza mifugo anajibu mbele ya dagashida, baraza letu la kimila. Mzigo wa ardhi inayopumzika unabebwa na kijiji kizima.

Kichwa changu nacho nadhani kinadai hivyo hivyo. Tumezoea kumwombea mgonjwa apone upesi na kwenda zetu nyumbani. Jumapili nimewaomba wazee wenzangu waombe nipate subira ya kuacha mstari katikati, na baada ya maombi vijana wawili waje Jumanne na majembe yao kwenye kipande cha bondeni. Mama, mke wangu, ameanza palizi ya pili, na yuko peke yake.