Njia ni Haki ya Nani?

Katika mitaa yetu ya zamani, khasa Mji wa Kale wa Mombasa, njia inapotakiwa kutengenezwa watu hugawanyika mapote mawili. Pote moja husema: na yawekwe matuta, na magari yazuiwe, kwani watoto wetu wamo khatarini. Pote la pili hujibu: matuta hutikisa nyumba kuukuu za mawe na boriti, humtesa mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na kuyazuia magari ni kuziua biashara zetu. Kila pote lina ukweli wake. Basi suala ni hili: haki mbili zikigongana katika njia moja, ipi itangulizwe?

Kwanza yapasa tujue kuwa njia si mali ya mwenye gari, wala si ya mwenye nyumba iliyoielekea. Ni ya wote wapitao. Wanavyuoni waliyazungumza haya kabla ya gari kuwako. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliamua watu wakikhitalifiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba, nazo ni mita 3 na kitu, na kuwa wakaao njiani wanapaswa kuipa njia haki zake, mojawapo ni kuzuia maudhi.

Wazee waliojenga Lamu na Mombasa walizipima njia zao kwa mtu na punda. Leo katika upana ule ule wa Mji wa Kale hupita bodaboda, tuktuk na magari ya mizigo. Njia haikukua, kilichokua ni mwendo na uzito. Sheria ya Kenya imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo cha mwendo mjini. Lakini gari la mwendo huo lina nguvu ya pigo karibu mara tatu ya lile la kilomita 30, na milango yetu hufungukia njiani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilikisia vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni vya waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki.

Kwa hiyo twasema uhai hutangulia, na uzito aubebe yule aletaye khatari. Ni afadhali mwenye haraka achelewe dakika mbili kuliko mtoto kufungiwa ndani.

Lakini kutanguliza uhai si ruhusa ya kuwadharau wenyeji. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alipotaka kuupanua msikiti wa Madina, Al-Abbas alikataa kuitoa nyumba yake. Khalifa hakuibomoa kwa nguvu. Walikwenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, na hukumu ikampa haki Al-Abbas. Alipokwisha kuipata haki yake, ndipo alipoitoa nyumba kwa khiari. Watu wakisikizwa hutoa. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo yataka wananchi washirikishwe. Na kuulizwa baada ya mawe kumwagwa si kuulizwa.

Nasi wenyeji yatupasa tupambanue dhara na mazoea. Anayesema tuta litapasua ukuta wake ametaja dhara, naye ajibiwe kwa njia nyingine: magari yapite upande mmoja tu, kivuko kiinuliwe kwa mteremko mpole, au vigingi viwe vya kung'oleka kwa ajili ya gari la wagonjwa na la zimamoto. Ama yule anayelalamika kuwa hatapata tena pa kuliegesha gari lake mlangoni, au pa kuzitandaza bidhaa zake, huyo ametaja mazoea. Na mazoea hayo ndiyo yanayomsukuma mzee na mama mwenye mtoto katikati ya njia, mbele ya pikipiki.

Basi, ndugu zetu, kabla hatujaulizana serikali itafanya nini, kila mmoja na atazame mbele ya mlango wake. Anayeitaka njia iwe salama na aanze kwa kuondoa lililo lake.